Homa Aliyoisema Kapita

Kapita wa mutaa wetu, yule musimamizi wa kazi za serikali, nilimuchukia miaka mingi, na mutu asiniambie kwamba chuki inachosha. Inamuchosha asiye na kazi nayo. Mimi nilikuwa na kazi nayo. Mutoto wa dada yangu alikufa katika kasho, kile chumba cha kufungia watu nyuma ya ofisi, na Kapita ndiye aliyetuletea maiti, akasimama mbele ya matanga akasema: ni homa. Tangu siku ile dada yangu akakataa kutosha matanga, kuumaliza musiba. Alibaki na nguo nyeusi, akaacha kuimba kanisani, akaacha kusuka nywele, akasema havui kitu mpaka mutu aliyesema homa arudi kusema neno lingine palepale aliposimama. Basi musishangae nikimuzungumuzia mutu huyu bila kumupaka sukari.

Jina alikuwa nalo, lakini hata bibi yake wa ndoa nyumbani alimuita Kapita. Alizaliwa wapi, na nani, waulizeni watu wa kwao. Mimi nilimukuta mutu muzima tayari, na firimbi shingoni.

Firimbi ile! Jumamosi, wanawake hawajawasha moto bado, ilikuwa inalia kutoka mwisho wa mutaa mpaka kwenye njia inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Salongo. Kila mutu na jembe lake, kila mutu na panga lake, kufyeka majani na kufungua mitaro. Salongo ni kazi ya wote, ndivyo wanavyosema. Wote maana yake sisi. Wale wa ofisi walikuwa wanapita na pikipiki, wanatusalimia kwa mukono, tunakula vumbi yao. Na usipotoka, Kapita anakuja mulangoni na buti zake za mupira, hata kiangazi kikavu, anapiga ubao kwa fimbo, anasema, "Serikali inawasalimia." Hakusema hodi. Ni serikali ndiyo ilikuwa inatusalimia. Mutu aliyejibu, "Na sisi tunaisalimia, iambie tumelala," huyo alimalizia siku katika kasho.

Sasa kuna jambo zuri juu yake, nalo nitalisema mapema nisije nikaitwa mwongo. Mujane na mwanamuke mwenye mimba hakuwapa jembe. Kipande chao alikilima yeye mwenyewe, shati limelowa jasho, limemushika mugongo, bila kusema kitu. Wanawake walimusifu: "Kapita iko na roho nzuri." Nami nikawajibu, "Hata paka anamulamba mutoto wake. Muulizeni panya." Dada yangu alikuwa mumoja wa wale wajane. Mutaro wa mbele ya nyumba yake, ni Kapita aliyeuchimba.

Na mubuzi. Hakupenda kuona mubuzi akipigwa. Kulikuwa na muchinjaji wetu mumoja aliyekuwa anawavuta wanyama kwa masikio, Kapita akamukamata mukono sokoni, mbele ya watu, akamuambia, "Mujinga wewe, hata yeye anasikia uchungu." Nilikuwapo. Nilitafuta mahali pa kutema mate.

Mimi nilikuwa musukumaji wa kinga. Kwa wale wasioijua kazi hii: kinga ni baiskeli, lakini hupandi. Unaifunga muti kwenye usukani, unaipakia mawese na muchele mpaka haionekani tena, unaisukuma kwa miguu mpaka Kabambare, na ukiwa na nguvu unaendelea mpaka Salamabila kule wanakochimba zahabu, kwa sababu mutu wa shimo hana wakati wa kulima na anakula kila siku. Vilima vya njia ile navijua kwa magoti. Siku hizi magoti yamekataa, nakaa barazani kwa fundi wa nguo, pale ambapo wanaume wanakuja kusikiliza radio na kugombana juu ya dunia. Kapita pia alikuwa anakuja. Hakukosa. Hakukaa mugongo wake ukielekea njia hata siku moja, na alikuwa anamenya muwa kwa kisu kidogo, anautafuna taratibu, makapi anayaweka katika mufuko wa suruali, asichafue mbele ya duka. Mutu safi.

Kwa radio alikuwa na huruma sana. Hapo ndipo aliponishinda kumuelewa. Siku moja habari zikasema kwamba katika inchi fulani ya mbali askari wa serikali wamewapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiimba barabarani. Kapita akasimama, mikono kichwani.

"Serikali gani hii inakula watoto wake yenyewe? Hawana Mungu?"

Nikamuambia, "Na hapa, Kapita?"

"Hapa nini?"

"Hapa kwako. Kasho yako inakula nini?"

"Hapa ni sheria, Mwenye Kinga."

Fundi akatoa muguu kwenye mashine. "Kapita, tueleze vizuri. Tofauti iko wapi?"

"Kule wanaua watu bure. Hapa mutu anaulizwa kwanza."

Watu wakacheka mpaka mumoja akaanguka kwenye benchi. Yeye hakucheka. Akanigeukia mimi, maana alijua swali limetoka wapi. "Wewe ulisoma darasa gani, unajua mambo ya serikali?"

"Nilisoma mpaka pale walipoandika usiue. Wewe ulikuwa umetoka kukojoa."

Ndivyo tulivyokuwa. Tulijadiliana haki za binadamu kama watu wanaotupiana mawe juu ya ukuta. Alikuwa na misemo yake, kila mara ileile. Mwenye nguvu mupishe. Mutoto hamushitaki baba. Na ule aliokuwa akiupenda kuliko yote, akiusema anafunga macho kama mutu aliyeonja asali: mukono wa serikali ni murefu. Nikamuambia, "Kama ni murefu hivyo, mbona haufiki kwenye shimo za njia ya Kabambare? Nimesukuma kinga mule maisha yangu yote, sikukutana hata na kidole."

"Njia ni kazi ya raia."

"Na serikali ni kazi ya nani?"

"Kuangalia kwamba raia anafanya kazi."

Mutu anaweza kukujibu hivyo bila kucheka. Mimi nilirudi nyumbani na maneno yale yakanifanya nikose hamu ya bugali.

Halafu wakaja watu wa semineri ya haki za binadamu. Vijana waliovaa vizuri, wametoka mujini, wakakodisha chumba cha paroasi, pale kwa mapadri, kutufundisha kwamba hakuna mutu anayepaswa kupigwa akiwa amefungwa, na kwamba mufungwa ana haki ya maji, na ya kuonana na familia. Nani alikaa mbele? Kapita. Nani alijibu maswali yote? Kapita. "Mufungwa ana haki gani?" Mukono juu: "Maji! Familia! Daktari!" Wakamupigia makofi, wakamupa tirikoti, fulana nyeupe yenye maandishi kifuani: Haki za Binadamu ni Jukumu Langu. Jumamosi iliyofuata alikuja na tirikoti ile kusimamia salongo. Fundi akamupigia kelele kutoka barazani, "Kapita! Haki iko kifuani, fimbo iko mukononi, sisi tukae upande gani?" Akajibu, "Mukae kwenye mutaro." Hata mimi nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Kijana wetu alikuwa amekufa zamani tayari, na dada yangu alipopita njiani akaiona tirikoti ile, akasimama kuisoma mpaka mwisho, herufi kwa herufi, kisha akaendelea na njia yake.

Sasa niseme habari ya kifo chenyewe, maana nimezunguka sana.

Mupwa wangu alikuwa muchimbaji kule Salamabila. Kijana wa mudomo, tuseme ukweli, kama mimi mujomba wake. Alikuja kumuona mama yake, akafika asubuhi ya salongo, pikipiki yake ikakuta baryeri ya askari, muti umelazwa njiani. Wakamuambia shuka, chukua jembe. Kule kwenye mashimo walikuwa wamemuzoesha kujibu. Akajibu. Wakamupeleka kasho. Kesho yake, watu wakitoka misani, Kapita akaja na wanaume wamebeba kitanda, na juu ya kitanda shuka.

Hapa lazima mujue desturi yetu. Kwetu mutu akifa, kila kundi la wageni likifika kwenye matanga linapewa historia ya kifo. Mutu anasimama, anasema: alianza kuugua hivi, tukamupeleka kule, saa ya mwisho alisema hivi. Na mwenye kuisema ni yule aliyekuwa karibu na marehemu roho ilipotoka. Akishaisema, ndiyo historia. Haikatwi, haisahihishwi na mutu mwingine, kwa sababu ukiacha kila mutu aseme yake, matanga yatakuwa vita. Na siku ya kutosha matanga, mutu yuleyule anasimama tena, anaifunga. Ni desturi ya kuzuia uongo. Ilitungwa na watu ambao waliwaona wafu wao wakifa kwenye mikeka, ndugu wakiwa pembeni. Hawakufikiri juu ya kasho.

Nani alikuwa karibu na kijana wetu? Kapita. Hakukuwa na mutu mwingine. Basi muzee wa ukoo, Mungu amuweke pema, akafuata desturi. Akamupa kiti. Akamuambia, "Baba, tupe historia." Wakati huo sisi tulikuwa tumefunua shuka, tumeona mugongo. Wanawake waliomuosha waliona mengine. Na Kapita akasimama na buti zake, akavua kofia, akasema, "Ni homa. Homa ya ghafula. Ilimushika jioni, asubuhi ikamaliza." Akakaa.

Wanaume wa ukoo wakamuangalia muzee. Muzee akaangalia chini. Historia ilikuwa imesemwa. Tulizika homa.

Komanda wa baryeri hakukaa hapa, alihamishwa, sijui wapi, labda anapumuzika vizuri. Nani wa kumushitaki, na kwa nani? Dada yangu alikwenda ofisini, wakamuuliza, "Mama, kwenye matanga ulisema nini?" Akasema, si mimi niliyesema. "Kilisemwa nini?" Homa. "Basi, mama, pole kwa homa." Desturi yetu wenyewe walitufungia nayo mulango.

Ndiyo maana akabaki na nguo nyeusi. Watu walimusihi, padri alimusihi. Ndugu za mume walinung'unika kwamba matanga yasiyotoshwa yanaleta bahati mbaya, mabinti hawaolewi. Alikuwa anajibu kwa upole, "Siwezi kutosha matanga ya mutu mwingine. Wangu hakufa na homa."

Na Kapita alijua. Kuna siku nilikwenda makaburini kufyeka kaburi la mama yangu. Nikamukuta pale, amepiga magoti, anang'oa majani kwenye kaburi la kijana. Peke yake, bila firimbi. Mutu mwingine angeona huruma. Nikamuambia, "Salongo mpaka huku, Kapita? Na wafu pia wanakamatwa?"

Akasema, "Majani yameota."

"Acha yaote. Yeye hakukuita."

Akasimama, akajifuta magoti, akaondoka na majani yale mikononi, hakuyatupa pale. Nilifyeka kaburi la mama kwa hasira hata panga likakata udongo. Kwa sababu kama angekuwa mubaya muzima, ningemuchukia na kupumuzika.

Serikali aliyoipenda ilimutupa kama kapi la muwa. Akaja mukubwa mupya, akataka kapita kijana, mwenye simu. Walimuita ofisini, wakamuambia aache firimbi juu ya meza. Hakuna aliyemushukuru. Akarudi nyumbani kwa miguu, na barazani kwa fundi hakuja tena. Watu walisema nifurahie kuanguka kwake. Nilifurahi, ndiyo, siku hiyo nilinunua hata malafu, pombe ya muchikichi, nikanywa na fundi.

Mwaka huu kiangazi kilipoanza dada yangu akaniita. Amezeeka, macho yanamusumbua. Akasema, "Yaya, kaka yangu, sitaki kufa na nguo hii. Mungu anikute na matanga ya mutoto? Enda kwake. Mualike."

"Na akisema homa tena?"

"Basi atakuwa amesema homa mara mbili mbele ya watu, na mimi nitazikwa nayo. Lakini mualike."

Nikaenda. Nilimukuta uani anatengeneza kitunga cha kuku, buti zake ziko juu ya paa zinakauka. Miguu yake niliiona kwa mara ya kwanza, myembamba, nyeupe kama muhogo uliomenywa. Bibi yake akaniletea kiti. Sikukaa.

"Dada yangu anataka kutosha matanga," nikamuambia. "Anakualika uifunge historia."

"Historia nilishaisema."

"Ulisema homa."

Akaendelea kusuka. "Homa ilikuwapo. Mutu akipigwa vile, mwili unawaka. Sikudanganya."

Ningemupiga. Naapa, magoti ndiyo yaliyomuokoa. Akaona, akaweka kitunga chini.

"Mwenye Kinga, unikasirikie lakini unisikilize. Siku ile nyumba yenu ilikuwa imejaa wanaume, kila mutu na panga lake la salongo. Komanda alikuwa amekaa pale baryeri na watu wake, anangoja kelele moja tu. Ningesema amepigwa, mungetoka. Mungetoka au hamungetoka?"

"Tungetoka."

"Na ningewabeba wangapi kwa kitanda? Homa yangu iliwaacha hai."

"Na wewe ilikuacha kazini."

"Na mimi pia," akasema. "Sikatai."

Nilirudi na njia ya nyuma ya paroasi, ile ndefu, maana nilitaka kugombana naye kichwani mpaka nimushinde. Sikumushinda. Labda alisema kweli. Labda niko hai kwa uongo wake, nimeongeza miaka yote hii ya kusukuma muchele na kucheka kwa fundi. Nilipofika kwa dada nilikuwa namuchukia kuliko asubuhi. Ndivyo wanavyofanya hawa: wanamuua mutoto wako, kisha wanasimama wanangoja uwashukuru kwa ndugu ambao hawakuwaua.

Dada yangu akauliza tu, "Atakuja?"

"Hakusema."

Siku ikafika. Watu wakajaa uani, kwaya ikaja, wanawake walikuwa wamepika wali na kuku na sombe ya majani ya muhogo na mawese, harufu mpaka njiani. Kapita mupya alikaa mbele na simu yake. Sala ikaisha, muzee wa ukoo wa sasa akasema, "Aliyetupa historia, kama yupo, asimame aifunge." Tukangoja. Nilikuwa naangalia mulango wa ua, lakini yeye alikuwa ameingia zamani, amekaa nyuma, kati ya wajane.

Akasimama. Alikuwa amevaa viatu vya ngozi, vikubwa kwake. Hakuvua kofia kwa sababu hakuwa nayo.

"Niliwapa historia ya homa," akasema. "Haikuwa homa. Alipigwa na watu wa serikali, katika kasho, kuanzia asubuhi mpaka jua lilipozama."

Kapita mupya akaweka simu mufukoni.

"Alipofika baryeri, waliposema alime, alisema: njia tunalima sisi, nyinyi munalima nini? Komanda akacheka. Angemuacha. Alikuwa ameshamupa mukono wa kupita." Akageukia upande wa dada yangu. "Mimi ndiye niliyesema: Komanda, ukimuacha huyu, Jumamosi ijayo hakuna atakayetoka. Mufundishe kidogo."

Mutu fulani nyuma yangu akasema, "Ee Yesu."

"Wakamufundisha. Aliomba maji, nikaogopa kumupa. Alimuita mama yake. Halafu hakuita tena. Hiyo ndiyo historia. Nimeifunga."

Hakukaa, kwa sababu aliona kila mutu anaangalia kiti chake. Mimi nilikuwa nimesimama, sikujua nimesimama saa ngapi. Miaka yote ile nilimuchukia kwa neno la homa, na neno lenyewe, lile la kwanza, sikulijua. Barazani kwa fundi, wakati tulipokuwa tukimuuliza serikali inaua kwa nini, yeye alikuwa na jibu mudomoni, anatafuna muwa.

Dada yangu akainuka. Akamusogelea mpaka akaweza kumuona vizuri na macho yake yale.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Akafungua kitambaa cheusi kichwani, mbele yake, nywele zake zote nyeupe zikaonekana. Akakikunja. Akamupa binti yake.

"Asante kwa historia," akamuambia. "Sasa enda kwako. Chakula cha leo si chako."

Kwetu hata mwizi anakula kwenye matanga. Kapita akainamisha kichwa, akatoka, viatu vinamupwaya. Hakuna aliyemusindikiza. Nilikuwa bado naangalia mulango wa ua wakati dada yangu alipokuja na sahani mbili, akaketi karibu na mimi kwenye mukeka, akanipa moja.

"Yaya, acha kuangalia njia," akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Nikanawa mikono, nikala.